Usikate Mkia wa Jina

Sikiliza, wewe uliyekalia kiti changu. Kina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo kiegemeze ukutani na usipende kuyumba nacho. Waliokutangulia walijifunza hilo kwa kuanguka. Ukishatulia, soma taratibu. Hakuna mtihani mwishoni.

Siku mliyoniaga uliniuliza swali nikakujibu vibaya, kwa sababu keki ilikuwa inagawiwa na watu walitaka kupiga picha. Uliuliza kwa nini wiki ile nilikukaripia kwa kufuta faili moja. "Lilikuwa dogo sana, Mama, na wala halichezi." Nikasema tu usirudie. Hilo si jibu. Jibu lenyewe lina miaka mingi ndani yake, na lina mtu mmoja, Kulwa, fundi wa kuchomelea wa kule Mkolani, ambaye hasikii. Ilikuwa mikononi mwetu sisi wa dukani kama Kulwa atajua wanachosema watu wa kwenye sinema au ataishia kuangalia midomo ikicheza. Na kwa muda mrefu mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia mlango, nisijue.

Kabla ya kuanza, jambo moja dogo. Mimi naitwa Nyanzala. Msukuma akilisikia jina hilo anajua nilizaliwa wakati wa njaa, hana haja ya kuuliza. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha. Kashindye alitanguliza miguu. Shija amewafuata mapacha. Kwetu jina ni taarifa ya jinsi mtu alivyokuja duniani. Liweke hilo pembeni, tutalihitaji.

Nilianza kazi wakati dukani kuna kanda za video za kukodisha tu. Watu walipaita laibrari, na wengi wao hawakuwa na habari kwamba neno hilo lina uhusiano wowote na vitabu. Mwenye duka alikuwa Mama Hansa, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza, binti wa mnunuzi wa pamba. Kisukuma chake kilikuwa safi kuliko cha watoto wangu. Siku ya kwanza nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanipa kipande cha kitambaa na chupa ya spiriti, akanionyesha jinsi ya kusafisha kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea kanda, bila kukikwaruza. Nikadhani nimeajiriwa kufanya usafi. Mchana akaniketisha mbele ya rafu, akanionyesha mistari.

Kila kanda ilikuwa na karatasi mgongoni, na baada ya jina la sinema kulikuwa na mistari midogo ya kalamu nyekundu. Isiyo na mstari ilikuwa kanda mama, iliyotoka kiwandani. Mstari mmoja, mtoto: imenakiliwa kutoka kwa mama. Miwili, mjukuu: imenakiliwa kutoka kwa mtoto, na hapo sura za watu zinaanza kufanana na uji. Alikuwa na sheria mbili. Mjukuu hatoki dukani kabla mteja hajaambiwa kuwa ni mjukuu. Na mama haguswi. Anakaa kabatini, anatoka siku ya kuzaa tu.

"Mteja akijua anachochukua, hata kikiwa kibovu hagombani na wewe," aliniambia. "Ukimficha, hata kizuri atakikataa."

Kulwa na Doto walikuwa wateja wa Jumamosi. Mapacha, mafundi wote wawili, wana kibanda chao cha milango na madirisha ya chuma kando ya barabara ya Mkolani. Kulwa aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la nne. Akapona, masikio hayakupona. Tangu hapo Doto ndiye aliyemsikilizia dunia. Walikuwa na lugha yao ya mikono waliyoitunga wenyewe nyumbani. Pale kaunta tulikuwa na runinga ya kujaribia kanda, na wao walikuwa wanakaa kwenye benchi na kuijaribu kanda muda mrefu kuliko kanda yoyote inavyohitaji kujaribiwa. Doto anageuka bibi harusi, anageuka polisi, anageuka farasi. Kuna wateja waliokuja kumwangalia Doto wala hawana habari na runinga.

Kulwa alitembea na daftari dogo mfukoni na penseli sikioni, na sisi wengine alituandikia. Siku moja alinisogezea daftari: "Dada, hivi ni kweli huyu jambazi ameomba ugali?"

Nikaangalia. Jambazi alikuwa anadai funguo za benki. Nikamwangalia Doto. Doto anaangalia dari.

Nikaandika: "Hapana. Ameomba funguo."

Kulwa alisoma, akavua kofia, akampiga nayo ndugu yake begani, kisha akaandika tena: "Nilijua tu. Kila sinema lazima kuna mtu anataka ugali."

Kanda zikazeeka. Zikaja CD, na baadaye zikaja diski za kompyuta zenye ukubwa wa tofali, kwa basi kutoka Nairobi kupitia Sirari, zimeviringishwa kwenye kanga zisigongane. Niliifungua diski ya kwanza nikashtuka. Majina yote yalikuwa yameharibika, au ndivyo nilivyodhani: nukta badala ya nafasi, namba, herufi kubwa na ndogo zimechanganywa. Nikamwita Rwegasira, aliyekuwa na duka la intaneti mlango wa pili, aje aone virusi. Alikuja akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Hii si virusi, Nyanzala. Hii ni barua. Sisi wa Bukoba tulifundishwa kusoma mapema, ngoja nikusaidie."

Nikamwambia aanze kwa kuondoa kiwiko juu ya chapati yangu.

Basi akanifundisha, na mimi nakufundisha wewe kama alivyonifundisha. Jina lenyewe lilikuwa hivi:

Jina.La.Sinema.2003.DVDRip.XviD-JINALAKUNDI

Nukta ni kwa sababu kompyuta za zamani zilijikwaa kwenye nafasi tupu. Mwaka ni wa kuitenganisha sinema na wajina wake. Kinachofuata ndicho kiini: jinsi ilivyopatikana. Ikiandikwa CAM, mtu aliingia ukumbini na kamera kaificha, akarekodi skrini. Ikiandikwa TS, picha ni ya ukumbini lakini sauti imevutwa kwa waya, kwa hiyo inasikika vizuri. DVDRip, imetolewa kwenye diski halisi, safi. XviD ni namna ya kuifungasha, ili sinema nzima ibanwe iingie kwenye CD moja bila kubaki hata nafasi ya wimbo. Na mwisho kabisa, baada ya kistari, jina la kundi lililoifanya kazi hiyo. Huo ndio mkia.

Kisha nikasema, "Kwa hiyo jina linaeleza ilivyozaliwa."

"Ndiyo."

"Kama Kashindye."

Hakujua Kashindye ni nani, ikabidi sasa mimi niwe mwalimu wake, na nilifurahia sana.

Sitakuficha kitu. Vile vilikuwa vitu vya watu, vimechukuliwa bila ruhusa, na sisi tulikuwa mkono wa mwisho wa mnyororo huo. Sheria ilipokuja kukaza tuliacha, na tulifanya vizuri kuacha. Lakini nikikwambia kwamba sikushangazwa na watu wa makundi yale nitakuwa naongeza uongo juu ya kosa. Walikuwa wametapakaa nchi ambazo sitazifikia, hawajuani kwa sura, wanafichana hata majina, na hakuna aliyewalipa. Walichogombania ni kuwa wa kwanza, na kuwa wa kwanza bila kuvunja taratibu. Ndani ya folda waliacha kijikaratasi cha maandishi, mara nyingine kimepambwa kwa michoro ya herufi tupu, mistari na nukta zimepangwa mpaka inatokea ngome au fuvu. Humo waliandika sinema ina urefu gani, sauti ikoje, kasoro iko wapi. Wengine waliwasalimia marafiki. Kimoja kilisema tu kwamba kazi imechelewa kwa sababu mama yake mwandishi alikuwa anaumwa, sasa amepona. Nilikisoma mara mbili. Imetoka mbali kote huko, ikanifikishia habari kwamba mama wa mtu amepona.

Kilichonishika zaidi ni neno PROPER. Kundi moja likitoa sinema yenye kasoro, kundi lingine linaitoa upya na kuandika neno hilo kwenye jina, na kwenye kijikaratasi linaeleza kosa la kwanza lilikuwa nini. Aliyekosea mwenyewe akijirekebisha, anaandika REPACK. Kosa halifichwi chini ya mkeka. Linavishwa jina na kuzungushwa dunia nzima. Nilimweleza Mama Hansa. Alifikiri kidogo, akasema, "Ni wezi, lakini wezi wenye mistari myekundu."

Na zile CAM, jamani. Katikati ya sinema unaona kivuli cha mtu wa nchi fulani anainuka kwenda kujisaidia, na vijana wa Butimba waliojazana kwenye benchi letu wanampigia kelele akae chini. Akirudi wanamshangilia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu.

Flashi zilipoingia, watu wakaanza kuangalia sinema kwenye runinga za nyumbani, na yale majina marefu yakawa kero. Skrini inaonyesha nusu ya jina, mteja hajui afungue lipi. Nikaona nimepata kazi ya maana. Nilikaa wiki nyingi nikiyasafisha majina: nukta zote nje, mwaka nje, mkia nje. Zikabaki "Vita 14", "Mapenzi 6", "Vichekesho 22". Wateja walinisifu. Na yale mafaili madogo yaliyokuja pamoja na sinema, ambayo ukiyagusa hayachezi, tuliyaona takataka, tena wengi waliamini ndiyo yanayobeba virusi. Nikabandika karatasi ukutani kwa mwandiko wangu mzuri: FUTA VIDOGO VYOTE. Wenzetu wenye duka Kiseke walikuja kuinakili karatasi ile. Nilijiona mwalimu wa wilaya nzima.

Mama Hansa hakunikataza. Alisema tu, "Diski iliyokuja na basi usiiguse. Fanya ujinga wako kwenye nakala." Akaifungia kabatini, kama kanda mama.

Mwaka huo huo Doto akapata kazi mgodini Geita. Jumamosi iliyofuata Kulwa alikuja peke yake, akakaa kwenye benchi upande wake ule ule, akaacha nafasi ya Doto tupu. Akanipa daftari: "Doto amekwenda Geita. Nataka sinema zenye maandishi chini."

Nilimtafutia. Nilichopata ni sinema zilizokuja na maandishi yaliyogandishwa kwenye picha yenyewe, nikamjazia flashi kwa furaha. Jumamosi akarudi: "Dada, haya maandishi ni ya Kichina." Nikamtafutia nyingine. Akarudi: "Haya sijui ni ya wapi, lakini yanaanzia kulia." Mara ya tatu nikamwandikia ukweli wangu wa wakati ule, kwamba zenye maandishi yanayosomeka hazitengenezwi. Alisoma polepole. Akaandika: "Basi, dada. Nitaangalia mpira. Mpira hauna maneno."

Hakurudi tena.

Nakwambia, nimewahi kugombezwa na wateja wa kila aina dukani humo, na hakuna aliyeniumiza kama yule aliyeniaga kwa adabu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vidogo kama kawaida, kidole kikateleza. Badala ya kufuta, nikafungua. Kurasa na kurasa. Namba moja, chini yake saa, dakika na sekunde, chini yake sentensi. Namba mbili, muda, sentensi. Nilifikiri ni hesabu za mtu. Kisha nikaona kwamba sentensi moja ni swali na inayofuata ni jibu. Nikasogea chini zaidi. Katikati ya mazungumzo, kwenye mabano, mtu alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba radi inapiga kwa mbali. Chini kidogo: mbwa anabweka nje. Chini tena: anacheka kwa sauti ndogo.

Nani anaandika radi? Anayesikia haihitaji. Mtu mahali fulani alikaa, akasimamisha sinema kila baada ya sekunde chache, akaandika kila neno na kila mlio kwa ajili ya mtu asiyesikia ambaye hatamwona maisha yake yote. Na kazi hiyo ilikuwa imesafiri hadi Mwanza, ndani ya kanga, kwenye basi, ikafika mkononi mwangu, nikaifuta. Niliangalia karatasi yangu ukutani. Mwandiko ulikuwa mzuri kweli kweli.

Rwegasira alinieleza kilichobaki, na safari hii hakutaja Bukoba. Faili la maandishi na faili la sinema lazima yawe na jina moja, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta, ndipo runinga ijue kuwa ni ndugu. Ukibadilisha la mmoja, umewatenganisha. Kwa hiyo hata mahali ambapo sikufuta, nilikuwa nimeachanisha mapacha.

Nikaenda kwa Mama Hansa kukiri. Alichukua funguo, akafungua kabati, akatoa diski mama, yote yakiwa humo kama yalivyoshuka kwenye basi.

Nikachagua sinema moja ambayo Kulwa aliipenda tangu enzi za Doto, nikaipa maandishi yake, nikapanda hadi Mkolani. Nilimkuta anachomelea geti. Aliinua miwani ya kazi, akaniona, akafuta mikono. Runinga ndogo ilikuwa ndani ya kibanda. Tukaketi kwenye bomba la chuma. Maneno yakatokea, na nusura nipige vigelegele. Baada ya muda Kulwa akachukua daftari.

"Dada, huyu mzee anaaga baada ya kufa."

Nikaangalia. Kweli. Mdomo unafunguka, kimya. Mzee anakata roho, ndipo maneno yanakuja. Yalichelewa kama kwa pumzi tatu nne. Kulwa hakukasirika. Alicheka. Mimi ndiye niliyeshindwa kucheka.

Kosa lilikuwa lile lile la mkia. Diski ilikuwa na nakala mbili za sinema ile, kutoka makundi mawili. Moja iliacha picha za utangulizi, nyingine ilizikata. Nilichukua sinema ya kundi moja na maandishi ya kundi lingine, kwa sababu niliangalia jina nikapuuza mkia. Nilirudi mjini, nikalinganisha mkia na mkia, kesho yake nikapanda tena. Safari hiyo mzee aliaga akiwa hai.

Tuliiangalia hadi mwisho. Nikangoja. Kulwa aliandika kwa muda mrefu, akifuta na kuandika tena: "Nashukuru sana. Kiingereza changu ni cha darasa la saba. Nusu naelewa, nusu nakisia. Ni kama Doto amerudi nusu."

Nusu. Nilishuka mjini na neno hilo.

Mimi ni kidato cha nne, si mtafsiri. Lakini faili lile ni maandishi matupu. Ukifuta sentensi ya Kiingereza na kuweka ya Kiswahili mahali pake, bila kugusa namba wala muda, runinga haiulizi cheti chako. Nilianza. Kila siku sentensi thelathini, arobaini, wateja wakiwa wachache. Nilipokwama nilimwita Rwegasira, tukabishana, akala chapati yangu. Nilipomaliza niliyapa mafaili yote mawili jina lile lile la zamani, mkia wa wenyewe ukiwa mahali pake, na baada yake nikaongeza mkia wangu: KISW-NYANZALA. Nilimuuliza Mama Hansa kama hayo si majivuno.

"Ukikosea tujue wa kumfuata," alisema.

Na nilikosea. Kulwa aliangalia, akafurahi, kisha akairudisha nyuma mahali fulani mara tatu. Daftari: "Huyu mama ameruka kwenye kiti. Kwa nini?"

Nikasikiliza. Mlango ulikuwa umegongwa. Maneno ya kwenye mabano, milio yote, nilikuwa nimeyaacha nje. Niliona ni kujaza nafasi, maana mlango ukigongwa kila mtu si anasikia? Niliandika hivyo kwenye daftari lake, kila neno, hata la mwisho. Alinitazama. Nilitamani sakafu inimeze.

Wiki mbili baadaye nilimletea mpya. Kwenye jina, kabla ya mkia wangu, niliandika PROPER, kama walivyofanya wale. Na mstari wa kwanza kabisa, kabla sinema haijaanza, uliandikwa hivi: "Mlango uligongwa. Niliuacha nje. Samahani." Kulwa aliusoma, akagonga bomba la chuma tulilokalia mara mbili kwa kidole. Ngo, ngo. Nikajua yameisha.

Doto alikuja likizo mwisho wa mwaka. Kulwa alimkokota hadi dukani, akamkalisha kwenye benchi, akaniashiria niiwashe. Sinema ikaenda. Kulwa anasoma, anatikisa kichwa, anacheka mahali panapochekesha, kwa wakati wake, pamoja na sisi wote. Doto alikuwa ameweka mikono mapajani. Mikono ile sikuwahi kuiona imetulia. Akaniambia kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Dada, umenifukuza kazi."

Kulwa aliona uso wa ndugu yake. Akaniuliza amesema nini. Nilisita, kisha nikakumbuka sheria ya Mama Hansa, nikaandika kama ilivyosemwa.

Alisoma. Akaandika mistari miwili, akampa Doto kwanza, kisha mimi: "Hii ya dada ndiyo ya kweli, ibaki hivyo hivyo. Tengenezeni na nyingine ya Doto."

Basi Doto akavuta kiti karibu na kompyuta, akaninong'oneza, nikaandika. Jambazi akaomba ugali. Polisi akamuuliza kwa samaki au kwa maharage. Bibi harusi akakataa pete, akataka sato wa kukaanga. Hatukugusa muda, hatukugusa namba. Kwenye jina tuliandika KISW-DOTO, mtu asije akaichukua akidhani ni ya kweli. Kulwa alipoiangalia alicheka hadi akateleza kwenye benchi, na alipoinuka mikono ya Doto ilikuwa imeshaanza tena, inaongeza juu ya maandishi mambo ambayo hata mimi sikuyaandika.

Mama Hansa alishapumzika kazi kabla yangu, sinema za watu tuliziacha, na siku hizi unashughulika na harusi, mahafali na misiba ya watu wetu wenyewe. Utaona nimeendelea kuyapa mafaili majina marefu: tarehe, mahali, nani alirekodi, nakala ya ngapi, nani alirekebisha nini. Mnanicheka, najua. Mnasema Mama anaandika ukoo mzima. Ndiyo, naandika ukoo mzima.

Faili dogo ulilofuta wiki ile lilikuwa la video ya harusi ya binti wa Kulwa. Ndani yake kulikuwa na kila alichosema binti siku alipomshukuru baba yake mbele ya ukumbi, na hotuba ya Doto, ya kweli, bila ugali hata mmoja. Nilikuwa nimeyaandika siku tano. Kulwa alikuwa amekaa meza ya mbele siku ile na hajui bado aliambiwa nini na mwanawe; alimkatalia Doto asimwonyeshe kwa mikono, akasema anataka kwanza ile ya kweli.

Usiogope. Nilikuwa na diski mama kabatini, na nililirudisha kabla sijaondoka. Funguo iko kwenye kopo tupu la spiriti. Nami nilifuta mengi kuliko wewe, na hakuna aliyenikaripia, ndiyo maana nilichelewa kujifunza.

Jumamosi Kulwa anakuja kuichukua video hiyo. Nakili mafaili yote mawili, linganisha majina yake herufi kwa herufi hadi mwisho wa mkia, kisha kaa naye kwenye benchi mpaka maneno ya kwanza yatokee.